Mwenye Shamba Yuko Wapi?
Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Nakuru

Tumeombwa tuzungumze juu ya swali ambalo vikundi vingi vimekuwa vikituletea: tutampataje mtu tunayemhitaji, na hatujui anakoishi? Wengine wenu mnamtafuta mwanachama wa zamani aliyehamia mbali na sahihi yake bado iko benki. Wengine mnamtafuta mwenye shamba. Leo tutakaa zaidi kwa huyu mwenye shamba, maana hapo ndipo pesa za vikundi zinapotelea.

Tuchukue mfano. Kikundi kimechanga miaka miwili, tangi limejengwa juu upande wa Njoro, mabomba yamenunuliwa. Katikati ya tangi na maboma ya watu kuna shamba la ekari mbili na nusu ambalo halikaliwi na mtu. Ua wa kayaba umekuwa msitu. Bomba ni lazima lipite hapo. Basi anatokea bwana mmoja na pikipiki, anasema, "Hilo shamba ni la mjomba wangu. Leteni elfu ishirini mpitishe maji." Je, mtampa? Na mjomba mwenyewe akija mwakani na kung'oa bomba, mtamwonyesha karatasi gani?

Mashamba ya namna hii ni mengi kwetu, na kuna sababu. Miaka ya 1960 na 1970 walowezi walipouza mashamba makubwa, watu walijiunga katika kampuni na vyama vya kununua ardhi. Mnakumbuka Ngwataniro, Nyakinyua, Ndeffo na nyinginezo. Mtu alikuwa Murang'a au Nairobi, akanunua hisa, akapewa ploti huku, na pengine hakuja kuishi hata siku moja. Wengine walikuja, kisha wakahama kwa sababu tunazozijua sote: mwaka 1992, mwaka 1997, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Shamba likabaki na jina lake kwenye daftari la serikali, lakini jirani hajui mwenyewe alikwenda wapi.

Kwanza ulizeni nyumbani. Mzee wa mtaa, jirani aliyepakana na shamba hilo, naibu wa chifu, chifu. Hii haihitaji nauli. Chifu mara nyingi anajua ni familia gani ilikuwa hapo na ilielekea upande gani, na barua yake ya kuwatambulisha katika ofisi nyingine haina bei. Akiwaitisha "kitu kidogo", hiyo si ada, ni hongo, na mnajua hivyo. Lakini neno la chifu peke yake halitoshi. Machifu hustaafu na wengine huhamishwa, na huyu wa leo pengine aliambiwa na mtu kwamba shamba ni la fulani, naye anawaambia ninyi. Andikeni alichosema, kisha mwende kwenye daftari lenyewe.

Daftari hilo liko ofisi ya msajili wa ardhi. Kwa nambari ya shamba, si kwa jina la mtu. Hapa watu wengi hurudi nyumbani mikono mitupu. Wanafika kwenye dirisha na kusema, "Tunatafuta shamba la Mzee fulani," na karani hawezi kuwasaidia hata akitaka. Daftari limepangwa kwa eneo na nambari: Bahati/Kabatini Block 1 na nambari yake, Dundori/Lanet Block 5 na nambari yake, na kadhalika. Ikiwa hamna nambari, pitieni kwanza kwa ofisi ya upimaji ardhi, muombe kuona ramani ya eneo lenu. Mchukue na nambari za mashamba yenu wenyewe yanayopakana na hilo mnalotafuta. Ukijua lako ni 212 na la jirani wa chini ni 214, ramani haitakupoteza.

Mkiwa na nambari, mnaomba upekuzi rasmi wa rejista, ule watu huita "kufanya sachi". Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mtu yeyote kuomba. Si lazima uwe jamaa ya mwenyewe, wala si lazima uwe wakili. Beba kitambulisho na PIN ya KRA. Ada hulipwa kwa eCitizen. Tangu mwaka 2023 malipo ya huduma za serikali yanapitia nambari moja ya Paybill, 222222, na risiti inakuja hapo hapo. Mtu akikwambia umtumie kwa nambari yake mwenyewe ndipo "aharakishe faili", mwambie asante na uondoke.

Cheti cha upekuzi kitawaambia mambo kadhaa, nanyi msisome jina peke yake. Kinaonyesha ukubwa wa shamba na aina ya umiliki. Kinaonyesha jina la aliyeandikishwa na tarehe ya kuandikishwa. Someni pia sehemu ya chini, ya vizuizi: kama benki imeshika shamba kwa mkopo, au kama kuna mtu ameweka zuio. Tumeona vikundi vikifurahia jina na kusahau sehemu hiyo, na kumbe mwenyewe hakuweza kuwapa kibali bila benki kukubali.

Sasa, simu yake iko wapi? Haipo. Mkiwa na bahati mtapata anwani ya posta, na mara nyingi ni ya zamani. Hata hivyo, msiidharau. Wazee wetu wengi hawakuwa na sanduku lao wenyewe. Walitumia la shule, la kanisa, la chama cha ushirika au la duka fulani. Kwa hiyo anwani ya posta inaweza kuwa ni shule ambayo watoto wake walisoma, na mwalimu mkuu wa hapo au mzee wa kanisa anaijua ile familia mpaka leo.

Kuna vitabu vingine viwili vitatu. Kama ni ploti ya sokoni au mjini, kaunti ina orodha ya ploti zinazotozwa kodi kila mwaka, na karani wa mapato anajua nani hulipa. Kama ni shamba la kilimo lililowahi kuuzwa au kugawanywa, lilipita mbele ya bodi ya ardhi, ile inayokaa kwa naibu kamishna wa kaunti, kwa hiyo muulizeni karani wa bodi. Na kama lilitokana na kampuni ya ardhi, tafuteni wale waliokuwa maafisa wake. Wako wazee wanaoweka vitabu vya hisa chini ya kitanda hadi sasa.

Tukae kidogo kwa yule aliyefariki, kwa sababu hapa ndipo hatari kubwa iko. Mkifika mkaambiwa, "Mzee alikufa mwaka 2009," anayeweza kuwapa kibali au kuwauzia si kijana wake mkubwa, wala mjane peke yake, wala yule bwana wa pikipiki. Ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kuuza au kugusa mali ya marehemu bila kibali cha mahakama ni kosa. Kikundi kikinunua kwa mtoto asiye na karatasi hizo, kimetupa pesa.

Lakini sheria hiyo hiyo inawasaidia kuipata familia. Ombi la usimamizi wa mirathi likipelekwa mahakamani hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, lile linalotoka kila Ijumaa, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Tangazo hilo linataja jina la marehemu, mahali alipokuwa akiishi, siku aliyofariki, na majina ya walioomba pamoja na anwani yao ya posta. Mara nyingi na wakili wao. Magazeti hayo husomwa bure kwa intaneti, katika tovuti ya Kenya Law. Mpeni kazi hiyo kijana wenu wa sekondari. Anaandika jina la marehemu, anatafuta, na nusu saa inaweza kuwaokolea safari tatu za Nakuru mjini.

Haya. Tuseme mmepata jina, lakini karani ana nambari ya simu kwenye faili na anakataa kuwapa. Msikimbilie kusema anataka chai. Pengine anafanya kazi yake sawasawa. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizoshikwa na serikali. Kifungu cha 31 kinalinda siri ya mtu na maisha yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasisitiza hilo la pili: nambari niliyompa karani kwa ajili ya hati yangu si yake kuwagawia watu.

Na sisi wa Nakuru, Molo, Kuresoi na Naivasha, jameni, si sisi wa kufundishwa hili na watu wa Nairobi. Mapema mwaka 2008 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na mkoa wetu uliumia zaidi. Kuna nyumba zilizochomwa kwa sababu mtu alijua ni nani analala wapi. Mtu aliyeondoka hapa usiku na watoto anaweza kuwa na sababu nzuri ya kutotaka anakoishi kujulikane. Ninyi mna nia njema ya maji. Lakini karani dirishani hawezi kuisoma nia kwa uso wa mtu.

Kwa hiyo msiombe simu. Ombeni barua yenu ifikishwe. Tumeona njia hii ikifanya kazi pale ubishi uliposhindwa. Mnaandika barua mbili. Ya kwanza ni ya ofisi: sisi ni kikundi fulani, nambari yetu ya usajili ni hii, tunaomba mmfikishie mwenye shamba nambari fulani barua hii iliyoambatanishwa. Ya pili ni ya mwenyewe, na iwe fupi na ya heshima: "Shikamoo Mzee. Sisi ni majirani wa shamba lako. Tunaleta maji na tungependa bomba lipite ukingoni mwa ua. Hatudai shamba, wala hakuna aliyeingia. Tunaomba tuzungumze nawe, kwa njia utakayochagua wewe." Wekeni simu ya katibu na ya mwenyekiti. Hilo neno kwamba hakuna aliyeingia msiliache. Aliyefukuzwa mara moja husoma kila barua akiogopa kwamba anafukuzwa tena.

Akijibu, makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi na mashahidi, na nakala ibaki kwa chifu. Mkilipa fidia, lipeni kwa jina lililo kwenye cheti.

Na ofisi ikikaa kimya kabisa? Hapo ndipo mnatumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika husema kwa mdomo na afisa humwandikia. Kuomba ni bure. Mnaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja ikiwa habari ni nyingi au kuna ofisi nyingine za kuulizwa. Wakiwakataza, lazima watoe sababu. Msiporidhika, mna siku 30 za kupeleka lalamiko kwa CAJ, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Ombudsman. Ndiyo maana tunawaambia kila mara: mkipeleka barua, nendeni na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo nyumbani, na katibu aitie kwenye faili ya kikundi siku hiyo hiyo. Siku 21 zinahesabiwa tangu muhuri huo.