Aliyebaki na Aliyeondoka

(Maneno yaliyosemwa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuzungumze juu ya kudumu katika wito. Tungefurahi kama neno hili angepewa mtu mwingine, na sababu yake mtaisikia huko mbele.

Tuanzie Rabai, kule juu ya Mombasa. Majina ya Krapf na Rebmann wengi wetu tuliyakariri shuleni kwa ajili ya mtihani, basi, yakaishia hapo. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwezi wa Julai mkewe Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf akawazika ng'ambo ya kisiwa, akarudi kwenye maandishi yake. Mwaka 1846 akaja Rebmann, wakafungua kituo cha Rabai pamoja.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1853 Krapf aliondoka, afya imevunjika. Rebmann akabaki mpaka 1875. Miaka 29 pwani, hebu fikirini, bila kurudi kwao Ujerumani! Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Macho yake mwenyewe yakafifia hata akawa kipofu. Na Wakristo aliowapata walikuwa wachache sana, kiasi kwamba wageni waliofika pale walijiuliza mtu huyu amekuwa akifanya nini miaka yote hiyo.

Kazi ilikuwa kwenye madaftari. Alikuwako mtu wa nchi ya Nyasa aliyeletwa pwani kama mtumwa, na Rebmann alikaa naye akimwuliza neno baada ya neno: hiki mwakiitaje, na kile je? Huku anaandika. Ninyi makatibu mnaoandika kumbukumbu za mkutano mnajua mkono unavyochoka kwa saa mbili tu. Alipokuwa haoni tena, Isaac Nyondo wa Rabai, mwana wa Abe Gunja aliyekuwa mmoja wa Wakristo wa kwanza pale, alisafiri naye hadi Ulaya. Mwaka 1876 Rebmann akafa, na kamusi yake ya Kinyasa ilikuwa bado haijachapishwa.

Ilitoka mwaka 1877. Aliyeitengeneza ikapigwa chapa ni nani? Ni Krapf, yule aliyeondoka! Wala hakuwa amekaa bure huko kwao. Mwaka 1862 alirudi pwani akiwasindikiza Wamethodisti walioanza kituo cha Ribe, na kamusi yake ya Kiswahili aliishughulikia mpaka uzeeni. Ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Basi tukiri la kwetu. Miaka kadhaa iliyopita sisi watumishi wa maendeleo tulikuwa saba. Posho ikakatika, hata nauli haikuwepo. Watatu wakaacha. Tukawasema sana, jamani. Katika maombi ya asubuhi tuliwataja kama watu walioshika jembe wakatazama nyuma. Mmoja wao alikuwa mama mjane mwenye watoto wanne, akaenda kuuza mitumba sokoni. Sisi wanne tukabaki, tukajiona waaminifu.

Lakini tulibakia wapi? Ofisini. Tulihudhuria semina, tukatia sahihi kitabu cha mahudhurio, tukanywa chai. Kutembelea vikundi nyumbani tuliacha kidogo kidogo, leo mvua, kesho gari halina mafuta. Kuna kikundi cha ng'ombe wa maziwa tulikiahidi kuja kukagua hesabu. Tulikwenda baada ya mwaka na nusu, tukakuta mweka hazina amehama na daftari. Wanachama hawakutulaumu. Walitupa viti, wakatupikia chai, na chai ile ilitushinda kumeza.

Siku hiyohiyo, tukirudi, tulipita sokoni. Ilikuwa Jumatano jioni. Nyuma ya vibanda tuliwakuta akina mama kumi na mmoja wameketi juu ya magunia, na yule mjane amesimama mbele na kipande cha ubao, anawafundisha kusoma risiti na kujumlisha michango ya kikundi chao. Tulimwuliza ameanza lini. Akasema, "Tangu nilipotoka kwenu. Si ndiyo kazi mliyonifundisha?"

Hatukuwa na la kujibu. Tulisimama pale kama wanafunzi waliochelewa, mpaka mama mmoja akatusogezea gunia.

Tumekubaliana mambo mawili, nasi tunayasema mbele yenu mpate kutuuliza. Kikundi cha maziwa tutakwenda kila mwezi, kwa miguu ikibidi, mpaka hesabu zake zinyooke. Na Jumatano ijayo tutakwenda sokoni na chaki na madaftari, na kabla ya kutoa chochote tutamwomba yule mama radhi kwa maneno tuliyoyasema juu yake katika maombi.