Pensheni ya Askari Polisi wa London

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaeleza habari za askari polisi wa mji wa London. Si habari za kukamata wezi, bali za siku ile askari avuapo sare yake kwa mara ya mwisho. Je, toka siku hiyo atakula nini?

Jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1829. Kwa miaka mingi askari alikatwa sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya uzee, lakini pensheni yenyewe ilikuwa hisani ya wakubwa. Mtu aliweza kuzunguka barabarani usiku, katika ukungu na mvua, miaka 25, kisha akaambiwa kwamba angali ana nguvu, na arudi kazini.

Mwaka 1890 Bunge la Uingereza lilitunga sheria: atimizaye miaka 25 ya kazi apewe pensheni kwa haki yake, pasipo kuulizwa cheti cha daktari. Aliyepatwa na udhaifu wa mwili aliweza kuipata baada ya miaka 15.

Mjane je? Yeye alisahauliwa, ila mumewe awe amekufa kwa jeraha la kazini. Hata Agosti 1918 maelfu ya askari wa London waligoma, na katika madai yao lilikuwamo hilo la wajane. Serikali ilikubali.

Mwaka uliofuata mgomo ulizuka tena, na huu haukufanikiwa. Waliogoma London walizidi 1,000 kidogo, na katika mji wa Liverpool walizidi 900. Wote walifukuzwa, wala hawakurudishwa. Na kwa kuwa wakati ule aliyefukuzwa hakuwa na pensheni, hata yule aliyetumika miaka mingi alirudi kwa mkewe mikono mitupu. Sisi twaiona adhabu hiyo kuwa nzito mno, maana fedha ile ilikuwa jasho la miaka iliyokwisha kutumikwa.

Sheria ya mwaka 1921 iliweka hesabu iliyo wazi: miaka 25, nusu ya mshahara, miaka 30, theluthi mbili. Tuseme askari alipokea shilingi 90 kwa juma. Akiacha kazi baada ya miaka 25 alipata 45; akivumilia mitano zaidi, alipata 60. Wale waliofukuzwa mwaka 1919 hawakuwamo katika hesabu hiyo.