Mgeni na Mwenyeji: Maneno Niliyoyasema Kabanga



Nimeombwa niseme juu ya watalii, kwa kuwa nimewaongoza miaka mingi Ujiji na Gombe. Lakini nitaanzia hapa hapa Kabanga.

Mwaka 1984 nilimpeleka mama mmoja wa Kizungu kwa mzee jirani yetu. Mzee, kwa desturi yetu Waha mnayoijua, aliinama akamsalimu kwa kupiga makofi polepole. Yule mama akadhani anashangiliwa. Alifurahi kweli, naye akapiga makofi, kisha akafungua mkoba akampa noti ya shilingi 20. Mzee akanigeukia: "Mwanangu, kwao salamu hununuliwa?" Nami mkalimani nikamwambia mgeni, "Anasema asante sana."

Sisi nasi tulikuwa na yetu. Kijiji kizima kiliamini kuwa ni tajiri, maana amekuja kwa ndege. Tukirudi Kasulu aliniambia kuwa yeye ni mpiga taipu, na nauli ameiwekea akiba miaka mitatu. Hilo nalo sikumfikishia mzee.

Ujiji mambo ni yale yale. Wageni huulizia mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, hupiga picha penye miembe, huondoka. Ni wachache mno wanaouliza wenyeji waliona nini siku ile. Basi, waliona msafara ukiingia kwa milio ya bunduki, bendera ya Marekani mbele. Na yule daktari waliyekuwa wakiishi naye alikuwa mzee, mgonjwa, tena ameishiwa kabisa. Mali aliyoletewa kutoka pwani ilikuwa imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Mzungu asiye na kitu, ndugu zangu, Ujiji ilimjua zamani. Sijui sisi tulimsahau lini.

Nirudi kwa mzee wangu. Usiku ule ule alimtuma mjukuu wake aniletee ile noti, nimrudishie mwenyewe. Asubuhi nilipofika Kasulu, gari lilikuwa limekwisha kuondoka kwenda Kigoma. Noti ninayo nyumbani, ndani ya kamusi. Siku hizi hakuna duka linaloipokea. Na mzee alifariki kabla sijamweleza kwamba jibu lile lilikuwa langu, si la mgeni.