Shabiki, Nyota na Mwisho wa Riwaya

Riwaya ya vijana, yaani hadithi ndefu inayoandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekwisha kuziacha ngano za utotoni lakini hajabeba bado mizigo ya mtu mzima, imeanza katika nchi nyingi kuyashughulikia kwa pamoja mambo matatu ambayo zamani yalitengwa: ushabiki wa muziki, umaarufu wa msanii, na afya ya akili ya shabiki na ya msanii pia. Fasihi ya Kiswahili haikosi visa vya kuijaza riwaya ya namna hiyo. Taabu yake iko katika namna ya kuimaliza, na taabu hiyo huonekana vizuri zaidi ikitazamwa kutoka milima ya Usambara.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika eneo la Tanga, upande wa pwani wa milima hiyo, ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, habari za mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyefinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri zilizoisambaza sauti yake katika Afrika Mashariki nzima. Umaarufu huo ulimletea matusi, kwa kuwa mahasimu wake walimtungia wimbo wa kuikejeli asili yake ya shamba na kaniki aliyokuja nayo mjini, naye akawajibu kwa wimbo uliotukuza akili kuliko sura. Shaaban Robert, kwa desturi yake ya kufundisha maadili, anautukuza ustahimilivu wa Siti, na ni haki autukuze, ila msomaji wa leo hupata kidogo mno kuhusu yale ambayo kejeli hizo zilimfanyia mwimbaji alipokuwa peke yake.

Ushabiki nao haukuletwa na simu. Katika ngoma ya beni, iliyoenea pwani na bara mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliitolea kitabu mwaka 1975, watu walijigawa Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi, vyeo na nyimbo. Na miaka ya karibuni wapenzi wa wanamuziki Diamond Platnumz na Ali Kiba wamegawanyika vivyo hivyo katika kambi zinazoitwa timu. Kilichobadilika ni ukaribu wa kudhaniwa. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walieleza uhusiano wa upande mmoja, yaani hali ya msikilizaji au mtazamaji kujiona rafiki wa mtu asiyemjua kabisa, kwa sababu sauti na uso wa mtu huyo humfikia nyumbani kila siku. Kijana wa Mlalo au Mtae, huko Usambara, ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam anaweza leo kujua msanii amekula nini asubuhi na amegombana na nani usiku, na uhusiano huo, ambao mara nyingi humfariji mtu mpweke, humwachia pia uchungu wa kweli pale msanii anapoanguka.

Kisa cha Rehema Chalamila, anayejulikana kwa jina la Ray C, kinatosha kuonyesha uzito wa jambo hilo. Mwimbaji huyo, aliyependwa mno katika miaka ya 2000, alijitokeza hadharani mwaka 2012 kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa kumsaidia kupata matibabu ya uraibu wa dawa za kulevya. Mwaka mmoja kabla ya hapo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilikuwa imeanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, yaani maumivu na mahangaiko yanayompata mraibu anapokosa dawa za kulevya, ili mwili na akili vipate nafasi ya kutengemaa. Umma ulimhurumia Ray C, ukamsema, ukamcheka, yote kwa pamoja. Riwaya ingeweza kukaa mahali ambapo magazeti hayakukaa, kwa mfano katika nafsi ya msichana wa shule aliyebandika picha ya nyota wake ukutani na ambaye sasa anachekwa darasani kwa ajili yake.

Lakini riwaya hiyo ingeishaje? Euphrase Kezilahabi, mwandishi aliyeichungulia roho ya kijana wa Kitanzania kwa ujasiri kuliko wengi, alimfikisha Rosa wa Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, na Kazimoto wa Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, katika kujiua. Riwaya hizo ni kazi kubwa na hazipaswi kulaumiwa kwa huzuni yake. Hata hivyo zimewazoesha wasomaji kuamini kwamba akili ya kijana ikichafuka, mwisho ni kaburi. Mwaka uleule wa 1974 mtafiti David Phillips alichapisha uchunguzi wake kuhusu alichokiita athari ya Werther, akilitoa jina katika riwaya ya Goethe ya mwaka 1774, ambayo ilipigwa marufuku mjini Leipzig kwa hofu kwamba vijana wangemwiga mhusika wake aliyejiua. Phillips alionyesha kuwa habari za kujiua zikitangazwa kwa kishindo, hasa za mtu maarufu, vifo vya namna hiyo huongezeka. Mwaka 2010 watafiti wa Austria wakiongozwa na Thomas Niederkrotenthaler walionyesha upande wa pili, wakauita athari ya Papageno, kwa jina la mtega ndege katika opera ya Mozart ya mwaka 1791, ambaye yuko tayari kujiua mpaka wavulana watatu wanapomkumbusha kupiga kengele zake. Habari za mtu aliyefika ukingoni kisha akapata njia ya kurudi ziliambatana na kupungua kwa vifo. Kwa mwandishi wa vijana huo ni ushahidi mzito kuliko mahubiri.

Usambara ina mahali pa kuiweka njia hiyo ya kurudi. Huko Lutindi, upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 mahali hapo pakageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Leo iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yenye makao yake makuu Lushoto, na wagonjwa hushiriki kazi za shamba na za mikono zikiwa sehemu ya tiba. Steven Feierman, mwanahistoria aliyefanya utafiti miongoni mwa Wasambaa tangu miaka ya 1960, ameonyesha kwamba uamuzi wa tiba katika milima hiyo mara nyingi si wa mgonjwa peke yake, bali ni wa jamaa, ambao hukaa, hubishana, hukusanya fedha, na huweza kumpeleka mtu kwa mganga na hospitalini bila kuona mgongano. Kikao cha namna hiyo, pamoja na shangazi mwenye hakika kwamba binti amerogwa na mjomba aliyetoka kuuza kabichi katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, akisema ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu inayomnyima mtu usingizi, hamu na nguvu, kina mvutano wa kutosha kuijaza sura nzima bila mtu yeyote kufa.

Waandishi wanaoandaa miswada kwa ajili ya vijana wanaombwa basi wamruhusu mhusika wao augue, atibiwe na aendelee kuupenda muziki. Na yeyote anayeishi na kijana aliyekata tamaa asingoje riwaya iandikwe, bali ampeleke mapema katika kituo cha afya kilicho karibu, kwa kuwa sonona ni ugonjwa unaotibika.