Mishipa Iliyobanwa Mgongoni na Foleni ya Mizani

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika vyama vingi vya wakulima wa kahawa yuko mzee ambaye jina lake hutajwa kwa mashaka. Siku ya mizani hufika ghalani kwa baiskeli, tena kutoka mbali, bila kutweta. Lakini akisimama katika foleni robo saa tu, miguu humwisha nguvu. Huanza kuinama, kisha hutoka mstarini na kwenda kuketi juu ya gunia. Akiketi kidogo hurudi mzima. Wenzake hunong'onezana: "Huyu hana ugonjwa, ana uvivu. Mgonjwa gani aendeshaye baiskeli?"

Yafaa isemwe wazi kwamba mzee huyo huenda ni mgonjwa kweli, na kwamba baiskeli hiyo inayomponza ndiyo shahidi wake. Maradhi yenyewe ni kupungua kwa nafasi ya mfereji wa uti wa mgongo, hata mishipa ya fahamu iendayo miguuni ikabanwa.

Kwanza yapasa kuondoa utata wa jina. Maradhi haya siyo homa ya uti wa mgongo, ambayo huletwa na vijidudu na huweza kuua kwa muda mfupi. Kubanwa kwa mishipa hakuambukizi, hakuleti homa, wala hakutokani na kurogwa.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kiunoni ziko 5. Kila pingili ina tundu, na matundu hayo kwa pamoja hufanya mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu. Kati ya pingili na pingili mna kitu laini kama mto. Miaka ikipita, mito hiyo hupungua maji na kubonyea, mifupa huota vinundu, na kano zinazoishika huwa nene. Hivyo mfereji huwa mwembamba. Ndiyo sababu wengi wanaoumwa wamepita umri wa miaka 50, ingawa wapo waliozaliwa na mfereji mwembamba.

Mtu akisimama wima au akijinyoosha nyuma, mfereji huzidi kubana. Akiinama mbele au akiketi, hupanuka kidogo. Mwenye baiskeli huinama juu ya usukani, kwa hiyo hupata raha. Apandaye mlima huinama mbele, naye huona nafuu, lakini akiteremka hujivuta nyuma, na hapo mapaja na miguu huwaka moto, hufa ganzi au huwa mizito kama magogo. Daktari Henk Verbiest wa mji wa Utrecht, Uholanzi, aliyaeleza mambo haya kwa ukamilifu mwaka 1954. Tangu hapo matabibu wamejua kwamba mtu anaweza kushindwa kusimama ilhali miguu yake haina jeraha lolote.

Yako maradhi mengine yanayofanana na haya, nayo ni kuziba kwa mishipa ya damu ya miguu. Mgonjwa wa damu hupata nafuu kwa kusimama tu, bali wa mgongo hana budi aketi au ainame. Kwa hiyo afikapo zahanati asiseme tu "mgongo unauma." Aeleze huweza kutembea umbali gani, maumivu huanzia wapi, na ni jambo gani linaloyatuliza. Maelezo hayo yana thamani kuliko picha. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1990 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wa miaka 60 na zaidi wasioumwa mgongo hata kidogo, kiasi cha mmoja katika kila 5 alikuwa na mfereji mwembamba katika picha ya sumaku. Basi mtu asiuze ng'ombe ili apigwe picha kabla tabibu hajamsikiliza na kumpima miguu.

Namna ya kuishi na maradhi haya si kulala kitandani, maana misuli isiyofanya kazi hudhoofika na mgongo hukosa wa kuushikilia. Mgonjwa na atembee kwa vipande: apumzike kabla maumivu hayajamshinda, kisha aendelee. Baiskeli ni zoezi jema kwake. Asubuhi na jioni alale chali, avute magoti mpaka kifuani, ahesabu hadi 20, kisha ayaachie polepole. Usiku alale kwa ubavu, magoti ameyakunja. Mibuni ipogolewe iwe mifupi, ili asichume huku amejinyoosha na mikono iko juu. Mzigo asiutwishe kichwani, bali augawe mara mbili au aufunge kwenye baiskeli.

Dawa za maumivu zitumiwe kwa uangalifu. Vidonge vya diklofenaki na aibuprofeni husaidia kwa siku chache, lakini vikimezwa miezi mingi bila ushauri huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu.

Upasuaji nao upo. Daktari huondoa sehemu ya mfupa inayobana ili mishipa ipate nafasi. Hapa nchini kazi hiyo hufanywa katika hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996. Kwa kawaida upasuaji hutuliza maumivu ya miguu kuliko ya mgongo wenyewe. Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 2015, ulihusu wagonjwa 169 waliokuwa tayari kupasuliwa. Kundi moja lilipangiwa upasuaji, jingine mazoezi, na baada ya miaka 2 uwezo wao wa kufanya kazi ulikaribiana. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya waliopangiwa mazoezi walikuwa wameishia kupasuliwa. Fundisho lake ni kwamba mara nyingi mazoezi yaweza kutangulia bila hasara, na kwamba anayehitaji kupasuliwa asionewe haya.

Lakini ziko dalili zisizongoja. Mgonjwa akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, akishindwa kuzuia choo, akifa ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, au mguu ukizidi kulegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akicheleweshwa, huenda mishipa isipone tena.

Ndugu Makatibu, mambo yaliyotajwa mpaka hapa ni ya mgonjwa na tabibu wake, lakini liko fungu la chama pia. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Gunia la kahawa katika biashara ya dunia ni kilo 60, na la mahindi hufika 100 na kupita. Gunia moja libebwe na watu wawili, au liwekwe juu ya mkokoteni. Si kwamba kila mchukuzi atapatwa na maradhi haya, lakini hakuna mgongo unaofaidika na gunia la kilo 100.

La pili ni dogo zaidi, nalo halina gharama kubwa. Pembeni ya mizani liwekwe benchi, na kila mwanachama apewe namba yake anapofika. Namba ndiyo ikae katika foleni, mtu aketi. Vivyo hivyo katika mkutano mkuu: anayetaka kusema akiwa ameketi aruhusiwe, na kura ya kunyoosha mkono ihesabiwe bila kuwasimamisha watu.

Mkulima anayeona aibu kwenda mizanini humtuma mtoto, au humwuzia mlanguzi mlangoni kwake kwa bei ya kutupa. Hivyo chama hupoteza kahawa, naye hupoteza haki yake, kwa sababu tu ya kukosa mahali pa kuketi. Mzee yule wa baiskeli hakuomba apendelewe. Kilo zake zipimwe kama za wengine, ila yeye azisubiri akiwa ameketi.