Vuli Milimani: Maneno juu ya Shamba na Jiko



Vuli yakaribia, na kila mwenye jembe atazama mawingu. Leo twapenda kusema juu ya udongo kwanza, kisha juu ya jiko, kwa kuwa katika nyumba ndogo mambo haya mawili hayaachani.

Wenyeji wa Lushoto waijua rangi ya mto baada ya mvua kubwa ya kwanza: mwekundu. Rangi ile ni shamba la mtu. Mashamba yetu yamelala juu ya miteremko mikali, na vuli huyakuta yamekwisha kulimwa, hayana jani la kuyafunika. Udongo wa juu, ndio wenye rutuba, hushuka bondeni, wala haurudi.

Twajua ya kuwa neno matuta haliwapendezi wengi. Mwaka 1946 Serikali ya kikoloni ilianza huko Mlalo mpango wa kuwashurutisha watu kulima matuta, kisha ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu yake kubwa iliwaangukia akina mama. Asiyeifanya alitozwa faini. Watu waliukataa, na mpango haukufika uhuru wa mwaka 1961. Sisi twaona walikuwa na haki kuchukia shuruti. Lakini mto haukuacha kuwa mwekundu kwa sababu hiyo.

Njia nyepesi ipo, nayo ilifundishwa sana wilayani Lushoto tangu miaka ya 1980. Pandeni majani ya Guatemala kwa mistari ikatayo mteremko. Yatazuia udongo, yatakatwa kulisha ng'ombe zizini, na ng'ombe atalipa kwa samadi. Mlima ukiwa mkali zaidi, mistari na ikaribiane.

Shida ni kuupata mstari ulio sawa, maana mlimani jicho hudanganya. Chukueni fito mbili za urefu mmoja, mzifunge pamoja ncha za juu na kuitanua miguu, mkaze fito ya tatu ya kulala kati yake, kisha mning'inize jiwe kwa uzi kutoka juu. Simamisheni kipimo juu ya vigingi viwili, mtie alama pale uzi ugusapo fito ya kulala. Kigeuzeni, mguu huu ukae mahali pa ule, mtie alama ya pili. Uzi ukikaa katikati ya alama hizo mbili, miguu i sawa. Bassi, tembezeni kipimo shambani hatua kwa hatua, mkipiga vigingi. Watoto wa shule waweza kazi hii, nao huipenda kuliko hesabu za ubaoni.

Sasa jikoni. Maharage ya mbegu yachaguliwe kabla ya kuuza, si baada. Wengi huuza yaliyo bora, kisha vuli ikija hununua mbegu kwa bei kali. Yaanikwe yakauke kabisa, yachanganywe na majivu makavu yaliyochekechwa, ili wadudu wasiyatoboe. Ya kupika yalowekwe usiku kucha. Huiva upesi, na kuni husalia. Maji ya kuoshea mboga yamwagwe penye kitalu karibu na mlango, chini ya majani makavu ya mgomba, wala yasimwagwe njiani.

Kipimo tulichokitaja kipo hapa pembeni. Atakaye kukishika na akaribie, na akina mama watangulie.