Vumbi la Mawe na Makovu ya Mapafu: Mchimbaji Anapokohoa, Tumuulize Nini?



Mada niliyopewa ni pana: visababishi na madhara ya magonjwa yanayoacha makovu kwenye tishu za mapafu. Magonjwa haya yanazidi 200, na tukitaka kuyapitia yote tutaishia kukariri majina. Nimeamua kusimama zaidi kwenye moja, silikosi, yaani ugonjwa wa vumbi la mawe. Ndio tunaoishi nao katika mikoa yenye migodi, na ndio unaotupita mbele ya macho huku tukiuandikia dawa za kifua kikuu.

Kwanza tuone pafu linaumia wapi. Hewa tunayovuta huishia kwenye vifuko vidogo mno, mamia ya mamilioni kwa kila mtu. Ukuta wa kila kifuko umepakana na mishipa myembamba ya damu, na kati yake kuna tishu nyembamba sana ambamo oksijeni hupenya kuingia kwenye damu. Ugonjwa ukishika hapo, tishu huvimba, kisha hujaa nyuzi za kovu. Pafu huwa gumu na kusinyaa. Ndiyo maana mgonjwa wa makovu haya si sawa na mwenye pumu. Mwenye pumu njia zake za hewa zimebana, akivuta salbutamoli anapata nafuu. Huyu wetu njia zake mara nyingi ziko wazi, ila pafu lenyewe limekataa kutanuka, na oksijeni inayofika haivuki. Akikaa kitini anaonekana mzima. Mwambie apande ngazi, ndipo utaona.

Visababishi nitavipita haraka. Kuna makovu ambayo chanzo chake mpaka leo hakijulikani. Hayo huwapata zaidi watu waliokwisha kuvuka miaka 60, wanaume kuliko wanawake, na wavutaji wa sigara kuliko wasiovuta, na wengi wao wasipopata tiba huishi miaka 3 hadi 5 tu baada ya ugonjwa kugunduliwa. Kuna magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia, kama baridi yabisi, lupasi, na ule wa ngozi kukakamaa. Kuna dawa tunazoandika wenyewe: amiodaroni ya mapigo ya moyo, nitrofurantoini ya njia ya mkojo ikitumiwa kwa muda mrefu, methotreksati, bleomisini ya saratani, na kuna mionzi ya kifuani. Kuna mzio wa ukungu unaoota kwenye nyasi na nafaka zilizovunda, na wa vumbi la manyoya na kinyesi cha ndege, kwa hiyo mfuga njiwa anayekohoa aulizwe habari za banda lake. Halafu kuna mavumbi ya madini: asbesto, makaa ya mawe, na silika.

Silika ipo kila mahali. Ipo kwenye mchanga, kwenye miamba ya Mwanza ambako akina mama huponda kokoto kwa nyundo, na kwenye kwatzi, yale mawe meupe yanayong'aa ambayo dhahabu hukaa ndani yake. Jiwe likiwa limelala halina neno. Linapochorongwa, linapolipuliwa, linapopondwa na kusagwa kavu kwenye karasha, hapo linatoa chembe ambazo jicho halizioni. Zinazofika ndani kabisa ya pafu ni zile zisizozidi takriban maikromita 5, wakati unywele wa kichwani una unene wa karibu 70. Vumbi unalolipiga chafya na kulitema siyo hilo linalokuua. Nalisema hili kwa sababu vijana wengi wa machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani wanaamini kwamba wakitema makohozi meusi basi wamejisafisha. Weusi ule ni wa grafaiti, ambayo hukaa pamoja na tanzanaiti ardhini. Silika haina rangi ya kumwonya mtu.

Chembe hiyo ikifika kwenye kifuko cha hewa, hukutana na seli inayolinda mapafu, askari ambaye kazi yake ni kumeza uchafu na kuuteketeza. Askari anaimeza silika lakini hawezi kuiteketeza. Inamuua. Anapokufa anamwaga kemikali zinazochoma tishu jirani, na chembe inabaki pale pale, nzima, ikisubiri kumezwa na askari mwingine. Mzunguko huu hurudiwa miaka na miaka, na kila mara mwili hujaribu kuziba jeraha kwa kovu. Ndiyo sababu silikosi huendelea hata baada ya mtu kuacha mgodi na kurudi kulima. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza. Vumbi likiwa jingi sana huja ndani ya miaka 5 hadi 10, na ipo ile kali inayoweza kumlaza mtu katika miezi michache.

Wenzetu watafiti walipima vumbi katika mashimo ya wachimbaji wadogo Mirerani na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Walionya kwamba wachimbaji wale wako katika hatari kubwa ya kupata silikosi. Aliyewahi kuteremka shimoni hatashangaa. Apolo, yaani mchimbaji wa shimoni, anachoronga kwa mashine bila maji, chini hakuna upepo, mwanga wa tochi unagonga ukungu wa vumbi na kurudi. Baruti ikishalipuka, zamu inayofuata inatakiwa ishuke kabla hewa haijatulia, kwa kuwa muda unahesabiwa na chakula cha kambi kina mwenyewe. Kinga yake ni fulana aliyoifunga usoni. Nguo hiyo inazuia punje kubwa. Chembe za silika zinapita kwenye nyuzi zake bila shida.

Niwape mfano wa mgonjwa mmoja, mwanamume wa umri wa kati ambaye ujana wake wote aliumalizia mashimoni. Aliletwa na bodaboda hadi mlangoni, na hatua za kutoka mlangoni hadi kitini zilimtosha kuinama na kushika magoti. Kwenye mfuko wa nailoni alikuwa na kadi za kliniki mbalimbali, zimekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Zote zilisema kifua kikuu. Alikuwa ametibiwa dozi ya miezi sita zaidi ya mara moja, na katika kadi zote hizo makohozi hayakuwahi kuonyesha vimelea. Dawa zilianzishwa kwa kutazama picha ya kifua. Mahali pa kuandika kazi ya mgonjwa, kadi moja ilisema "mkulima" na nyingine zilikuwa tupu. Nilipoitazama picha, manundu madogo ya mviringo yalikuwa yametapakaa sehemu ya juu ya mapafu yote mawili. Aliniuliza kama kuna dawa ya kuosha vumbi. Alikuwa akinywa maziwa kila jioni miaka yote ile, kama walivyoelekezwa na wakubwa wao shimoni. Ilinibidi nimweleze kwamba maziwa hupita njia ya chakula, hayafiki kwenye mapafu. Alikaa kimya muda mrefu.

Sizilaumu kliniki zile, maana kosa hili ni rahisi kulifanya. Silikosi na kifua kikuu vyote hupenda sehemu ya juu ya pafu, vyote huleta kikohozi na kukonda. Kibaya zaidi, huandamana. Askari anayeuawa na silika ndiye yule yule ambaye angeua vimelea vya TB, kwa hiyo mwenye silikosi hushikwa na TB kwa urahisi kuliko jirani yake, na akiwa pia na VVU hatari hizo mbili huzidishana. Kwa hiyo nasihi kwamba kila mchimbaji anayekohoa apimwe makohozi kwa mashine ya jini-ekspati, na majibu yakitoka hana TB, tusifunge jalada kwa kumpa dozi nyingine. Shirika la Afya Duniani linaelekeza watu wenye silikosi wachunguzwe TB iliyojificha na wapewe tiba kinga. Na tuwe waangalifu na prednisoloni: haiondoi kovu la silika, na kwa mwenye TB iliyolala inaweza kuiamsha.

Katika uchunguzi, msitegemee dalili za vitabuni peke yake. Katika aina nyingi za makovu ya mapafu ukisikiliza mgongoni chini utasikia mlio mkavu kama wa kubandua ukanda wa kunasa wa viatu vya watoto, na ncha za vidole huvimba mfano wa rungu. Kwenye silikosi dalili hizi mara nyingi hazipo. Mgonjwa anaweza kuwa na kifua kilicho kimya kabisa na picha ya kutisha. Kipimo cha kupuliza husaidia kujua pafu limepungua kiasi gani, na CT skani huonyesha vizuri zaidi, lakini hivyo viko hospitali kubwa. Kilicho karibu na kila zahanati ni swali: umefanya kazi gani, tangu lini, na kabla ya hiyo ulifanya nini? Mwaka 1700 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini aliandika kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi na kuwahimiza madaktari kumuuliza mgonjwa kazi yake. Miaka zaidi ya 300 baadaye bado tunaruka mstari huo kwenye kadi. Na tusidhani kuwa ni swali la wanaume wa mgodini tu. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Afrika Kusini walieleza silikosi kwa wanawake wa Transkei, vijijini, waliokuwa wakisaga mahindi kwa mawe ndani ya vibanda.

Madhara yake yanaanzia kwenye pafu lakini hayakomei hapo. Oksijeni inapopungua, mishipa ya mapafu hubana, shinikizo hupanda ndani yake, na upande wa kulia wa moyo huchoka kusukuma. Ndipo miguu inavimba na ini kuuma. Pafu linaweza kupasuka na kuvujisha hewa ghafla. Silika imetambuliwa kimataifa tangu mwaka 1997 kuwa kisababishi cha saratani ya mapafu kwa binadamu, na huandamana pia na magonjwa ya figo na ya kinga kujishambulia. Kovu likishakuwa kovu halirudi nyuma. Kuna dawa, kama pirfenidoni na nintedanibu, zinazopunguza kasi ya makovu katika baadhi ya magonjwa ya kundi hili, lakini haziponyi, na bei yake haimkaribii mchimbaji. Mwisho ni oksijeni ya nyumbani, na mashine yake inataka umeme usiku kucha. Familia huuza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha shamba. Mke anaacha biashara ya mboga ili amwogeshe mume ambaye hawezi tena kuinua ndoo.

Afrika Kusini wameyaona haya kabla yetu. Dhahabu ya Witwatersrand iko ndani ya mwamba wa kwatzi, na mkutano wa kimataifa kuhusu silikosi ulifanyika Johannesburg mwaka 1930. Hata hivyo, kwa miongo mingi wagonjwa hawakuonekana kwenye takwimu za migodi, kwa kuwa aliyeishiwa pumzi alirudishwa kwao Lesotho, Msumbiji au Malawi akafie huko. Vijana wa Tanganyika, hasa wa nyanda za juu kusini, walichukuliwa pia kupitia Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi hiyo, hadi uhuru ulipopatikana. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya kuwalipa waliougua silikosi na TB katika migodi ya dhahabu, wakiwemo waliofanya kazi tangu mwaka 1965. Wengi walikuwa wameshazikwa. Na hao angalau walikuwa na majina kwenye vitabu vya kampuni. Apolo wetu analipwa kwa mgawo jiwe likipatikana, hana mkataba. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, lakini mfuko wa fidia huchangiwa na mwajiri, na shimoni kila mtu atakuambia kuwa yeye siyo mwajiri.

Viongozi wa wachimbaji, hapa nawageukia ninyi. Maji ndiyo dawa. Kuchoronga kwa mashine inayopitisha maji kwenye ncha kunalaza sehemu kubwa ya vumbi kabla halijapanda. Najua Simanjiro, iliko Mirerani, ni kukavu na maji hununuliwa kwa boza, lakini anayemudu kompresa, baruti na dizeli anamudu pia tangi la maji juu ya shimo. Baada ya kulipua, hewa safi ipulizwe na watu wangoje. Mawe yaloweshwe kabla ya kupakiwa viroba, na karasha lisifanye kazi kavu karibu na makazi. Barakoa za kuchuja, zile za N95 zinazokaa vizuri usoni, ni za mwisho katika orodha hii, na mtu hawezi kuvaa moja ile ile wiki nzima ikamsaidia. Nguo za shimoni zibaki mgodini, zisiende kufuliwa na mama na watoto.

Kwa upande wetu wa afya, naomba tukubaliane jambo moja leo. Rejista ya wagonjwa wa kifua katika vituo vyote vinavyozunguka migodi iongezwe safu mbili: kazi aliyofanya mgonjwa, na miaka aliyoifanya, pamoja na kazi zake za zamani. Rejista mpya zikichelewa kuchapishwa, rula na kalamu zinatosha kuanza Jumatatu. Baada ya mwaka tutakuwa na majina, vijiji na mashimo, na hapo ndipo tutakapokuwa na kitu cha kuweka mezani kwa wamiliki wa leseni na kwa mfuko wa fidia, tuwaulize ni nani anayewajibika kwa watu hawa.